Pua Ile Ile: Mjini Sifa, Mpakani Kesi

Kuna dada mmoja wa Karagwe, jina lake tunaliweka pembeni. Anaishi Dar, ana kazi yake na maisha yake. Akiweka picha mtandaoni, sifa zinamiminika: "Pua ya Kinyarwanda hiyo." "Watoto wa Kagera mnatuua." "We si Mbongo wewe, kubali tu." Anacheka, anarudisha kopa, siku inaisha.

Aliporudi nyumbani kufuatilia kitambulisho cha taifa, sura ile ile ikageuka kesi. Rafiki yake wa Dodoma alikuwa ameulizwa mambo ya kawaida, akapigwa picha, akaweka vidole, akaondoka. Yeye aliulizwa babu mzaa baba kazikwa wapi. Bibi yake alizaliwa kijiji gani. Kwa nini jina la ukoo wake linafanana na majina ya watu wa ng'ambo ya mto. Akajibu yote. Bado akaambiwa, "Dada, subiri kwanza, faili lako linakwenda kuhakikiwa."

Hakuna aliyemtukana. Kote kuwili, mtandaoni na pale dirishani, watu walifanya jambo moja: walimtazama usoni wakaamua kwao ni wapi.

Sasa swali. Nani alitufundisha kusoma uraia wa mtu kwenye pua yake? Wengi tunadhani ni mazoea tu, tumeyakuta kwa wazee. Kumbe hii tabia ina historia inayofuatilika, ina kitabu, ina mwaka. Na moja ya sehemu ilipoanzia ni hapo hapo Karagwe.

Mfalme aliyejua Kiswahili

Rudi nyuma hadi Novemba 1861. Hakuna Tanzania, hakuna Tanganyika, hakuna Rwanda ya kwenye ramani tunayoijua leo. Kuna ufalme wa Karagwe, unaotawaliwa na ukoo wa Bahinda, na Omukama wake ni Rumanyika. Makao yake yako Bweranyange.

Karagwe ya wakati ule haikuwa kijiji kilichosahaulika. Ilikaa kwenye njia ya biashara iliyotoka pwani, ikapita Tabora, ikaenda mpaka Buganda. Sehemu inayoitwa Kafuro, karibu na makao ya mfalme, waliishi wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita, wajumbe wa Kabaka walipita. Pembe za ndovu, chumvi, nguo, shanga na shaba vilibadilishana mikono hapo. Ungesimama Kafuro asubuhi moja ungesikia lugha nne au tano kabla jua halijawa kali.

Ndipo wakafika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Speke mwenyewe ameandika kwamba Rumanyika aliwapokea vizuri sana, na akawasalimia kwa Kiswahili kizuri. Hebu tulia hapo kidogo. Mfalme wa Wanyambo alizungumza Kiswahili na wageni wake mwaka 1861, miaka 100 kamili kabla ya Uhuru. Leo kijana wa Kayanga au Nkwenda akiongea, lafudhi yake inatosha kumfanya mtu aulize, "Wewe kwenu ni wapi hasa?"

Speke alikaa kwa Rumanyika mpaka Januari 1862. Katika wiki hizo alifanya mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza, alipima watu. Wake wa kifalme Karagwe walinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe, maana unene ulikuwa urembo na heshima. Speke akachukua kipimo akampima mmoja wao, shemeji wa mfalme: mkono, kifua, paja, tafu la mguu, urefu. Vipimo vyake vyote vimechapishwa kitabuni na dunia nzima imevisoma. Jina la huyo mama halimo. Anajulikana kwa inchi tu.

La pili ndilo lililotuletea balaa. Speke alipomtazama Rumanyika na ndugu zake, warefu, wenye pua nyembamba, wenye adabu za ikulu, akajiambia hawa haiwezekani wakawa sawa na Waafrika wengine niliowaona njiani. Lazima wametoka mahali. Akachukua Biblia, akaanza kumweleza mfalme asili ya watu wake: kwamba wametokea Uhabeshi, huko Ethiopia, na kwamba ni jamii ya juu iliyokuja kuwashinda na kuwatawala watu wa chini. Akajitolea hata kuchukua watoto wa mfalme akawasomeshe Uingereza.

Rumanyika alikuwa na historia yake tayari. Simulizi za Bahinda zinamtaja Ruhinda, mwana wa Wamara, wa wale Bachwezi ambao Ankole, Bunyoro na Buhaya wote wanawakumbuka. Lakini historia hiyo ilisimuliwa kwa mdomo. Ya mgeni ilikwenda kupigwa chapa.

Mwaka 1863 kitabu cha Speke kilitoka London. Ndani yake kuna sura nzima kuhusu Wahuma, yaani Wahima, na nadharia yake kwamba jamii bora imezishinda jamii duni. Ushahidi wake? Sura za watu kama alivyoziona yeye, pamoja na simulizi alizookota njiani na kuziunganisha mwenyewe. Mwaka uliofuata Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni Uingereza. Nadharia haikufa naye.

Tusijifanye malaika

Kabla hatujamtupia mzungu kila kitu, tuseme ukweli. Ubaguzi Karagwe ulikuwepo kabla ya Speke kukanyaga pale. Mfugaji, Mhima, alijiona yuko juu ya mkulima, Mwiru. Ng'ombe ndiyo ilikuwa heshima, jembe lilikuwa kazi ya mwingine. Kuoana kulikuwa na mipaka yake, hata kula pamoja.

Lakini huo ulikuwa ubaguzi wa kazi, mali na ukoo. Wote walisema lugha moja. Waliabudu pamoja, waliishi kwenye vilima vilevile, na mtu aliyepata au kupoteza ng'ombe aliweza kupanda au kushuka. Hakuna aliyemwambia Mhima kwamba yeye ni mgeni, kwamba nchi si yake.

Alichofanya Speke ni kuchukua tofauti ya nani ana ng'ombe na nani ana jembe, akaigeuza kuwa tofauti ya damu. Na akaongeza sumu moja ndogo ambayo watu hawakuiona mwanzoni. Ukimwambia mtu "wewe ni bora kwa sababu umetoka mbali", umeshamwambia pia kwamba hapa si kwao. Sifa na kesi vilizaliwa siku moja, mapacha.

Stori ikavuka mto

Wasomi wa Ulaya waliipenda hiyo stori. Wakaibeba, wakaipamba, wakaipa jina la nadharia ya Kihamiti: kila kitu kizuri Afrika lazima kililetwa na watu waliotoka nje. Wakoloni Wajerumani walipoingia Rwanda, kisha Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja nayo kichwani tayari. Wakaangalia Watutsi na Wahutu, watu wa lugha moja na dini moja, wakaona kile walichokisoma.

Wabelgiji wakaenda mbali zaidi. Wataalamu walipima pua na vichwa vya watu. Nafasi za utawala zikawekwa mikononi mwa Watutsi na machifu wa Kihutu wakaondolewa. Miaka ya 1930 wakatoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu. Kilichokuwa kinaweza kubadilika kikagandishwa kwenye karatasi.

Wakati huo mipaka nayo ilikuwa inachezewa kama karata. Baada ya vita hiyo, Waingereza walichukua Gisaka, mashariki mwa Rwanda, wakaitawala pamoja na Tanganyika, wakiota njia ya reli kutoka Cape Town hadi Cairo. Baada ya miaka michache, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakairudisha kwa Wabelgiji. Watu wale wale, nyumba zile zile: umelala chini ya Mwingereza, umeamka chini ya Mbelgiji. Mto Kagera haukuhama. Kilichohama ni mstari.

Na watu walivuka, kama walivyovuka siku zote. Walivuka kutafuta malisho, kufuata wachumba, kutafuta vibarua kwenye kahawa. Walivuka kwa njaa, hasa ile kubwa ya 1943 na 1944 iliyoitwa Ruzagayura. Kuanzia 1959, Rwanda ilipochafuka na Watutsi kuanza kuuawa na kufukuzwa, walivuka kukimbia kifo. Wengi walipokelewa Karagwe, wakiwemo waliopewa maeneo Nkwenda, ambayo leo ipo Kyerwa. Walilima, walioa, waliolewa, walizika wazazi wao pale.

Tanzania iliwatendea utu, na hili lazima lisemwe kwa sauti. Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000, jambo ambalo nchi chache duniani zilithubutu. Mwaka 1983 Mwalimu akapewa Medali ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa waliowasaidia wakimbizi.

Mto ukairudisha

Novemba 1992, mwanasiasa mmoja wa Rwanda, Léon Mugesera, alipanda jukwaani akahutubia wafuasi wa chama tawala. Aliwaambia kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016.

Mdau, umeiona hiyo Ethiopia? Ndiyo ile ile. Stori aliyoambiwa Rumanyika kama sifa, miaka 130 baadaye imesimama jukwaani kama hukumu ya kifo.

Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza. Watu wanaokadiriwa 800,000 au zaidi waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi, wengi wakichomolewa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kadi ya kabila. Asiye na kadi alihukumiwa kwa urefu wake na pua yake. Na wapo Wahutu waliouawa kwa sababu tu walikuwa warefu.

Nyabarongo inamwaga maji yake kwenye Kagera. Kagera inashuka ikipakana na Ngara, Karagwe na Kyerwa, inapinda kuelekea mashariki, inaingia Ziwa Victoria. Miili ilikuja na maji. Iliopolewa kwa maelfu upande wa Uganda, na pale Kasensero kuna makaburi na kumbukumbu yao mpaka leo. Watu wa kando ya mto hawakuhitaji televisheni kujua kinachoendelea.

Ndiyo maana nasema hii si historia ya Rwanda peke yake. Fikra iliyotoka kwenye baraza la Bweranyange ilizunguka London, Brussels na Kigali, kisha ikarudi nyumbani ikielea.

2013

Ungedhani baada ya hapo hakuna mtu kandokando ya mto ule angethubutu tena kumpima mwenzake kwa macho. Haikuwa hivyo.

Miaka ya 2000 Kagera ilikuwa na shida ya kweli. Majambazi wenye silaha za kivita walikuwa wanateka magari, na mabasi yalipita misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Mifugo mingi ilikuwa inaingia kutoka nje na kugombea ardhi na wakulima. Watu walikuwa wamechoka na walikuwa na haki ya kutaka ulinzi. Mwaka 2006 tayari kulikuwa na zoezi la kuwaondoa watu pamoja na ng'ombe wao.

Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka. Ulikuwa pia wakati ambao Dodoma na Kigali hawasalimiani vizuri, baada ya Rais kushauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Maelfu waliondoka, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa hofu. Upande wa pili, Rwanda ilifungua kambi ya muda Kiyanzi, wilayani Kirehe. Waliofika huko walisimulia kwa waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu mambo yanayofanana: mume kaachwa, mke kapelekwa, ng'ombe wamebaki, watoto wanaongea Kiswahili na hawajui Kinyarwanda cha kuombea maji. Wapo waliosema wamezaliwa Tanzania. Wapo waliosema wameishi kwa miaka zaidi ya 40.

Je, walikuwemo watu wasio na vibali? Ndiyo, walikuwemo, na kila nchi ina haki ya kusimamia mipaka yake. Shida ni jinsi ya kuwatambua. Kwenye vijiji ambavyo vyeti vya kuzaliwa ni vya kuhesabu, ushahidi uliobaki ni neno la jirani na jicho la askari. Na jicho lile lilishafundishwa zamani cha kutafuta: mrefu, mwembamba, mfugaji, pua ya kusimama, jina linaloanza na herufi fulani. Hapo Mnyambo wa mababu na mababu akaanza kulala na wasiwasi kwenye shamba la migomba alilopanda babu yake. Na jirani uliyegombana naye mpaka wa shamba akapata silaha mpya, maana kumuita mtu Mnyarwanda kulitosha.

Chukua jina Mugisha. Utalikuta Karagwe, utalikuta Bukoba, utalikuta Mbarara, utalikuta Kigali. Linamaanisha baraka. Sasa mwambie mtu atenganishe hao akina Mugisha kwa kuwaangalia usoni.

Utani wetu

Ukiuliza leo vijana wa Kayanga, Omurushaka au Isingiro, watakwambia Kimbunga kimeisha ila upepo bado upo. Ulipofika wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na mwisho ukawekwa Januari 20, 2020, bila namba ya NIDA huna laini, na bila laini huna pesa ya simu. Watu wa mikoa ya mpakani walipanga foleni mara mbili: foleni ya kila mtu, na foleni ya kuthibitisha kwamba wao ni wao.

Na sisi wa mjini tunachangia bila kujua. Tunamsifia mtu "umetoka kama Mtutsi" kana kwamba uzuri hauwezi kuzaliwa Nyakahanga. Tunamtania mshkaji wa Kagera kwenye kundi la WhatsApp, "wewe uhamiaji wanakutafuta", tunacheka, tunaendelea na mpira. Yeye pia anacheka. Ila yeye ana shangazi ambaye mwaka 2013 alilala porini siku tatu, na hawezi kukuandikia hilo katikati ya vicheko.

Wanahistoria waliitupa nadharia ya Speke zamani. Lugha za Wahima na Wairu ni moja, za Watutsi na Wahutu ni moja, zote ni za Kibantu, na hakuna msafara wowote wa watu bora kutoka Ethiopia uliothibitika. Kitaaluma imekufa. Imebaki hai kwenye macho yetu, kwenye sifa zetu na kwenye maswali ya dirishani.

Mwaka 2019 Serikali ilitangaza hifadhi mbili mpya za taifa kule: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Yaani mfalme yule mwenye pua iliyomshangaza Speke leo jina lake liko kwenye kibao cha taifa, ni fahari ya Tanzania, hakuna anayemuuliza babu yake kazikwa wapi. Angekuja leo mwenyewe, mrefu vile, na Kiswahili chake kizuri chenye lafudhi ya Kinyambo, akasimama dirishani kuomba namba ya NIDA, sijui kama angeipata kwa siku moja.

Yule dada wa Karagwe kitambulisho alikipata, baada ya kuzungushwa miezi kadhaa. Siku hizi mtu akimwandikia "pua ya Kinyarwanda", hajibu kwa kopa tena. Anajibu, "Ni ya bibi yangu. Amezikwa Bugene."

Wewe je, umewahi kuambiwa hufanani na kwenu? Tupe kisa chako hapo chini. Majina ya watu acha, kisa kinatosha.